Kipuri cha Bei Ndogo Ndicho Mlinzi: Maneno kwa Wenye Baiskeli za Zamani

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, poleni na kazi. Na ninyi vijana mliofika mkisukuma baiskeli za babu zenu, karibuni sana, maana leo ninyi ndio niliowalenga zaidi.

Kabla ya kusimama hapa nimezipitia baiskeli zilizoegeshwa nje. Nimeona Raleigh kadhaa, nimeona Phoenix ya Shanghai, nimeona Humber, Hero za Ludhiana, na Swala yetu iliyoundwa Dar es Salaam. Nyingine madigadi yake yamenyooshwa kwa nyundo, nyingine foku yake imeongezewa vyuma pande zote mbili ili ihimili gunia. Nimefurahi kuziona. Baiskeli hizi zimelisha familia. Zimepeleka pamba kwenye ghala la ushirika, zimekimbiza wagonjwa hospitali, na kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, keria za baiskeli kama hizi ndizo zilizozaa boda boda kabla pikipiki hazijaja kuichukua kazi hiyo. Inaniuma kila ninapoikuta moja imelala kwa muuza vyuma chakavu, na ukiichunguza unakuta fremu yake bado ina miaka mingi ya kutembea.

Nina jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote yatatoka humo. Baiskeli ya zamani ina vipuri vya namna mbili. Viko vilivyotengenezwa ili viliwe: gololi, kotapini (ile pini inayokaza kranki), raba za breki, mnyororo, tairi, kipira cha valvu. Na viko ambavyo kikiharibika kimoja, hutakipata kwa urahisi kingine kilicho sawa nacho: fremu, foku, kranki za asili (ile mikono ya chuma inayobeba pedeli), vikombe ambamo gololi huzunguka, habu (kitovu cha gurudumu), gia ya mbele. Kila kipuri cha kundi la kwanza kimewekwa pale kulinda kimoja cha kundi la pili. Gololi inalinda kikombe. Kotapini inalinda kranki na ekseli. Mnyororo unalinda gia. Sasa mtu anabana hela ya kotapini, halafu anapoteza kranki. Anaahirisha kununua gololi, halafu kikombe kinatoboka vishimo. Baiskeli nyingi zilizotupwa hazikuchakaa zenyewe. Zilicheleweshewa kitu ambacho bei yake haizidi sahani ya chipsi.

Nianze na kotapini, kwa sababu hapo ndipo ninapoona uharibifu mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Kranki za chuma za zamani hushikiliwa kwenye ekseli ya pedeli kwa kotapini, pini nene iliyochongwa upande mmoja ikawa kabari. Upande uliochongwa hukaa kwenye mkato wa ekseli na kuikaza kranki isiteleze. Pini ikianza kuisha, utasikia mguu unagonga kidogo kila ukikanyaga, pedeli inacheza mbele na nyuma. Ndugu zangu, ukisikia hivyo shuka usukume. Chuma cha pini ni laini makusudi ili iliwe yenyewe, lakini ikishalegea inaanza kula tundu la kranki na mkato wa ekseli, na hivyo havifufuki. Mwisho wake tunaujua: baiskeli inapelekwa kwa mchomeleaji, kranki inachomelewa kwenye ekseli moja kwa moja. Siku hiyo umezika kila kilichomo ndani. Hutafungua tena, hutaosha, hutatia grisi, na gololi zitasagana humo mpaka nyumba ya ekseli ipasuke.

Kwa hiyo badilisha mapema, na badilisha zote mbili pamoja. Baiskeli za Uingereza hutumia pini ya milimita 9.5, za Ufaransa nyingi hutumia milimita 9. Ukiweka ya 9 kwenye tundu la 9.5 itakaza leo, kesho itacheza. Pini mpya haiingii moja kwa moja kila mara. Tumia tupa kuichonga ule upande bapa, polepole, huku ukiijaribu, mpaka thredi zitokeze vya kutosha kushika nati na washa. Chonga zote mbili kwa mwinamo uleule, kisha uziweke zikitazamana kinyume, moja inaingia kutoka juu na nyingine kutoka chini kranki zikiwa zimelala. Usipofanya hivyo pedeli zako hazitakaa kwenye mstari mmoja, na goti la mwendeshaji litalijua hilo kabla ya jicho.

Kuitoa pini ya zamani ndiyo kazi inayotenganisha fundi na mpiga nyundo. Legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya thredi, uiache hapo ili izilinde. Chini ya kranki simamisha kipande cha bomba nene la chuma, kitako chake kwenye sakafu ya saruji, mdomo wake uzunguke kichwa cha pini. Bila bomba hilo, kila pigo lako linapita kwenye ekseli na kwenda kuzipigilia gololi ndani ya vikombe. Kisha piga mara moja, kwa nguvu, wima. Vipigo vingi vidogo vinaipanua ncha ya pini na kuifanya igome zaidi. Kama imeshika kutu, itie mafuta jioni uiache ilale nayo. Na wakati wa kuweka mpya, igonge mpaka ikae, ndipo ukaze nati. Nati haikuwekwa pale kuivuta pini, imewekwa kuizuia isirudi. Endesha kilomita chache, rudi, gonga tena kidogo, kaza tena. Wengi wanaiacha hatua hii ya mwisho, halafu wanasema pini za siku hizi hazina maana.

Jambo la pili ni thredi, na hapa naomba wenye Raleigh mnisikilize kwa makini.

Raleigh ilianzia Nottingham mwishoni mwa miaka ya 1880, kwenye karakana iliyokuwa mtaa wa Raleigh, na Frank Bowden akaikuza ikawa kiwanda kikubwa kilichotengeneza karibu kila kipande chake chenyewe. Ukubwa huo uliwapa kiburi cha kuwa na vipimo vyao. Viwanda vingine vya Uingereza vilitumia thredi 24 kwa kila inchi kwenye shingo, pale foku inapozungukia ndani ya fremu, na kwenye nyumba ya ekseli ya pedeli. Raleigh ya Nottingham ilitumia 26. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Kikombe cha 24 kitaingia kwenye fremu ya 26 mzunguko mmoja, miwili, kisha kitagoma. Hapo mtu asiyejua anatafuta spana ndefu. Akikilazimisha, ameua thredi za fremu, na fremu ndiyo roho ya baiskeli.

Kanuni ni rahisi: kikombe kinachofaa kinaingia kwa vidole. Kikigoma kwa vidole, kirudishe dukani. Na kabla ya kununua, nenda na kile cha zamani mfukoni. Shikanisha thredi za kipya na za zamani, uzielekeze kwenye mwanga. Zikiumana bila kupitisha mwanga ni ndugu. Zikipishana hata kidogo, si zake. Kwa baiskeli za India na za China usikisie kwa jina lililoandikwa kwenye bomba, pima vilevile. Na mkumbuke: kikombe cha upande wa mnyororo kina thredi za kushoto, kinafunguka kwa kuzungusha kulia, na pedeli ya kushoto nayo ni hivyohivyo. Nimeona vijana wenye nguvu wakiminyana na pedeli ya kushoto wakidhani wanafungua, kumbe wanakaza.

Gololi nazo zina saizi zake. Kwenye ekseli ya pedeli ni robo inchi, 11 kila upande. Habu ya mbele kwa kawaida ni inchi 3/16, 10 kila upande. Habu ya nyuma ni robo inchi, 9 kila upande. Shingo ya Raleigh hutumia ndogo za inchi 5/32. Ukiwa huna hesabu, jaza mpaka zigusane, kisha toa moja, maana zinahitaji nafasi ya kupumua. Usichanganye mpya na za zamani. Mpya ni kubwa kwa kiasi kisichoonekana, kwa hiyo hizo chache ndizo zitakazobeba mzigo wote, na zitapasuka. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, angalia uso wa koni (kile kipande kinachobana gololi kwenye kikombe) na wa kikombe kwenye mwanga. Ukiona njia inayong'aa sawasawa, mshukuru aliyekutangulia kuimiliki. Ukiona vishimo, hakuna grisi itakayoviziba. Kwa koni unaweza kupata nyingine, basi ibadilishe kabla haijaharibu gololi mpya.

Ukishafunga gurudumu la mbele, liinue lining'inie. Likiwa limekazwa vizuri halichezi kushoto na kulia, lakini uzito wa valvu peke yake unatosha kulizungusha mpaka valvu isimame chini. Hicho ndicho kipimo changu na sijapata kilicho bora zaidi.

Kwenye matairi nitakwenda haraka, lakini msikie namba. Kusema "nipe tairi ya 28" hakutoshi. Zile baiskeli kubwa za breki za vyuma hutumia tairi ya 28 kwa 1½, na ukisoma ubavuni mwa tairi utakuta namba 635, yaani milimita za kipenyo pale tairi inapokalia ringi. Iko nyingine nayo inaitwa 28 ambayo ni 622. Tofauti ni milimita 13, nayo haiingiliani kabisa. Zile fupi za 26 kwa 1⅜ ni 590. Soma namba ya milimita, jina la inchi litakudanganya. Na kipira cha valvu, kile kimrija chembamba, kibadilishe mara kikianza kunata au kupasuka. Joto la kwetu linakila upesi, na watu wengi wanaziba tyubu isiyo na pancha kwa sababu hawakuanza kukiangalia hapo.

Breki za vyuma. Hizi nazipenda, na naomba msizing'oe. Vyuma vinavuta raba mbili ziende juu kugusa ringi upande wa ndani, ule unaotazama habu. Kwa hiyo ringi yake ina umbo lake, ina njia mbili laini za kupokea raba pande zote mbili za spoki. Ukinunua ringi ya kisasa bapa, raba zako hazina pa kukaa. Hesabu pia matundu ya spoki kabla ya kulipa: Waingereza walizoea 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo wote ni nyuma, na ringi nyingi za leo zina 36. Raba ikibaki nyembamba, itoe. Ikiisha kabisa, kile kikombe cha chuma kinachoishika ndicho kitakachokwangua ringi, kromi inatoka, kutu inaingia, na ringi ya namna ile si kitu cha kuokota. Jambo moja la usalama ambalo sitaki mtu aondoke hapa bila kulisikia: ringi ya kromi ikilowa, breki hizi zinapungua nguvu sana. Mvua ikinyesha, anza kushika breki mapema, na kwenye mteremko shuka. Baiskeli ni kitu cha thamani, shingo yako ni zaidi.

Mnyororo unapimwa kwa rula ya kawaida. Weka sifuri katikati ya pini moja, utazame inchi ya 12. Mnyororo mzima una pini inayoangukia hapo hasa. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, nunua mwingine. Ukingoja mpaka ipite kwa 1/8, friwili, yaani gia ya nyuma, nayo imeshaliwa na utanunua vyote viwili, na ukiendelea kungoja utaifikia gia ya mbele, ile yenye michoro ya kiwanda ambayo duka lolote hapa mjini halina. Ile klipu ya kuungia, upande uliofunga uelekee mnyororo unakokwenda.

Wachache wenu mna baiskeli zenye habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer. Mtu mwenye habu hii ana hazina. Kampuni hiyo ilianza 1902 hukohuko Nottingham, na aina ya AW, iliyotoka mwaka 1936, imeundwa vizuri mno kiasi kwamba nyingi zilizowekwa miaka ya 1950 bado zinafanya kazi. Itazame vizuri, kwenye ganda utaona mwaka na mara nyingi mwezi wa kutengenezwa vimegongwa pale, ingawa habu inaweza kuwa ilihamishwa kutoka baiskeli nyingine. Chakula chake ni mafuta mepesi, matone machache kupitia kile kitundu chenye kifuniko. Msitie grisi mle ndani, na msitie mafuta ya kupikia, yanaganda na kunata na gia zinashindwa kurudi. Gia ikiteleza miguu ikaenda bure, usifungue habu kwanza. Weka gia ya pili, chungulia kwenye kitundu cha nati ya kulia: ncha ya kile kifimbo cha ndani inatakiwa ilingane na mwisho wa ekseli. Rekebisha waya mpaka ilingane. Mara nyingi ugonjwa wote ulikuwa huo. Na kama habu yako ya mbele ndiyo inayotoa umeme wa taa, yaani Dynohub, msiichomoe sumaku kutoka kwenye koili zake. Ikitoka bila kipande cha chuma cha kuishikilia inapoteza nguvu, na taa zitabaki hafifu hata uirudishe vizuri namna gani.

Sasa nije kwenye fremu, na hapa nazungumza na wachomeleaji waliopo. Mabomba ya fremu hizi yameunganishwa ndani ya vikombe vya viungo kwa shaba iliyoyeyushwa. Ufa ukitokea karibu na kiungo, moto wa umeme unaounguza sana unalifanya bomba jembamba kuwa gumu na kavu, kisha linakatika kando ya pale ulipochomelea. Tumia gesi na shaba, kama walivyofanya wao. Inagharimu zaidi na inachukua muda, lakini inashika.

Vile vyuma vya kuimarisha foku ambavyo mafundi wetu waliviongeza, viacheni. Nimesikia wapo wanaovikata ili baiskeli irudi kama ilivyotoka kiwandani. Siwaungi mkono. Fundi aliyeviweka alikuwa anajibu swali la barabara zetu na mizigo yetu, na kazi yake ni sehemu ya maisha ya baiskeli ile sawa na nembo ya ndege korongo iliyo shingoni. Hali kadhalika rangi. Kipya kinyemi ingawa kidonda: mtu anapiga rangi nyeusi mpya juu ya mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono, baiskeli inang'aa kwa mwezi mmoja, kisha rangi inabanduka, na mistari ile haipo tena. Osha kwa maji na sabuni laini, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kutu ya kromi isugue kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Utashangaa kinachotokea chini yake.

Siti ya ngozi isiloe. Ikiloa, ikaushe kivulini taratibu, na usiiloweke kwa mafuta. Inatosha.

Mtu ataniuliza, vipuri vyenyewe vitatoka wapi? Nottingham waliacha kutengeneza baiskeli mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sturmey-Archer ya Uingereza ilianguka mwaka 2000, ikanunuliwa na SunRace ya Taiwan. Lakini sisi tuna bahati ambayo mpenda Raleigh wa Ulaya anaitamani. India na China hazijaacha kutengeneza baiskeli za umbo hili, kwa hiyo kotapini, raba za breki za vyuma, tairi za 635, gololi na vipira vya valvu vinauzwa kwenye maduka ya vipuri ya miji yetu mingi, tena kwa bei ya kawaida. Ubora wake unatofautiana. Kromi ya vingine ni nyembamba, pini nyingine ni laini kupita kiasi. Chagua kwa mkono wako, linganisha, kataa kibovu. Lakini usiseme havipo.

Na unapoondoa kitu cha asili, hata kama kimekwisha, usikitupe. Kioshe, kipake mafuta, kifunge kwenye gazeti, uandike kimetoka wapi. Nati yenye alama ya kiwanda, kikombe chenye vishimo, pedeli iliyopinda. Siku moja kitakuwa kipimo cha kuchongea kingine, na fundi wa mashine ya kuchonga chuma hawezi kukusaidia kwa maelezo ya mdomo, anataka kukiona na kukipima. Kijana anayerithi baiskeli arithi na hilo boksi.

Nimesema vya kutosha nikiwa nimesimama. Pale mezani kuna tupa, bomba la chuma, mafuta ya taa kwenye beseni na kotapini za 9.5 mpya. Yule kijana mwenye Humber, nimeiona kranki yako ya kushoto inacheza, ilete hapa mbele tuifungue ya kwanza. Wengine sogeeni karibu, na aliye na swali aulize huku mikono ikiwa kazini.